Mwanachama, mjumbe, ndugu au mwenzetu? Mwongozo kamili wa kumtaja mtu wa kundi

Kifungu cha nne cha katiba ya kikundi chetu cha kufa na kuzikana kilikuwa na maneno sita: "msiba wa mwanachama au ndugu yake". Tuliishi nacho miaka miwili kwa amani. Kisha mwenzetu mmoja akafiwa na binti wa mama yake mdogo. Mweka hazina akasema huyo ni binamu, hamo kwenye katiba. Mfiwa akasema huyo ni ndugu yake, wamelala kitanda kimoja tangu utotoni. Wote wawili walikuwa na haki ya kusema walichosema, maana Kiswahili kinaruhusu yote mawili. Kikao kilianza baada ya alasiri, tukatoka isha imeshaadhiniwa. Katibu nilikuwa mimi, na kifungu kile niliandika mimi.

Tangu hapo huwa naletewa katiba za watu wengine nizipitie kabla hazijapigwa mhuri: vikoba, kwaya, timu za mtaani, umoja wa watu waliosoma shule moja. Makosa ni yale yale. Watu wanajua kundi lao vizuri, ila wanapofika kwenye neno la kumtaja mtu aliye ndani yake wanachukua lolote lililo karibu. Mwongozo huu ni kwa katibu, mwandishi wa matangazo, na yeyote anayejaza au kutunga fomu.

Hatua ya 1: Uliza ni kamba gani imemfunga

Kiswahili hakina neno moja la kumfaa kila mtu aliye ndani ya kundi. Kinamtaka msemaji aitaje kamba. Aliyefungwa kwa damu ni ndugu, jamaa, mwanafamilia, mwanaukoo. Aliyefungwa na mahali ni mkazi, mwenyeji, mzaliwa, raia. Aliyejiandikisha na kulipa kiingilio ni mwanachama. Aliyechaguliwa au kutumwa akae kwenye kikao kwa niaba ya wengine ni mjumbe. Na yule ambaye hana kadi wala ada, ila moyo wake uko pale, ni mpenzi, shabiki, mfuasi au mkereketwa.

Kama kamba haionekani, jiulize: mtu huyu akiacha leo, anaacha nini? Mwanachama atarudisha kadi. Mjumbe ataacha kiti chake kwenye kamati, lakini anaweza kubaki mwanachama. Mkazi atahama. Shabiki hatatangaza chochote, utashangaa tu humuoni uwanjani. Ndugu hana pa kurudisha kadi.

Klabu za mpira zinalielewa jambo hili kuliko vyama vingi. Sikiliza tangazo la Simba au Yanga: "wanachama, wapenzi na mashabiki". Hayo si mapambo. Mwanachama ana kadi, ana ada, na ana kura kwenye mkutano mkuu. Shabiki ana jezi na sauti. Mpenzi yuko katikati; anaipenda timu, lakini hutamkuta akibishana kijiweni mpaka usiku. Tangazo la mchezo huwaita wote watatu. Tangazo la uchaguzi wa viongozi likiwaita wote watatu, mmejitafutia kesi.

Mkereketwa ni neno la siasa zaidi. Limetoka kwenye kukereketa, ile hali ya koo kuwasha ukakosa raha. Ndivyo alivyo: jambo la chama linamuwasha, hatulii. Ni sifa akisemwa na wenzake na ni kejeli akisemwa na wapinzani, kwa hiyo lisiingie kwenye barua rasmi.

Hatua ya 2: Jenga neno kwa mwana-, na uliandike sawasawa

Mwana ni mtoto. Mwananchi ni mwana wa nchi, mwanakijiji ni mwana wa kijiji, mwanachama ni mwana wa chama. Hata mwanadamu ni mwana wa Adamu, na binadamu ni huyo huyo aliyekuja kwa njia ya Kiarabu, bin Adam. Lugha imechukua uhusiano wa mtoto na mzazi ikaufanya kipimo cha mtu na kundi lake.

Lakini si kila mwana- ni mtu wa kundi. Ukiunga mwana- na kundi au mahali, unapata mtu wa humo: mwanakwaya, mwanaparokia, mwanahisa kwenye kampuni. Ukiunga na fani, unapata mwenye kazi hiyo: mwanasheria, mwanahabari, mwanamuziki. Mwanahabari si mtu aliyejiunga na habari. Mwanagenzi ni anayejifunza kazi, mwanakondoo ni mtoto wa kondoo kweli, na mwanasesere ni wa kuchezea. Angalia pia mwanachuo na mwanachuoni: wa kwanza ni mwanafunzi wa chuo, wa pili, ambaye wengi humwita mwanazuoni, ni mtu aliyebobea katika elimu, hasa ya dini. Silabi moja tu, na umempandisha kijana wa mwaka wa kwanza hadi safu ya masheikh.

Sasa tahajia, na hapa ndipo kalamu nyekundu inapomalizika wino.

Andika neno moja. "Wanachama" ni watu. "Wana chama" ni sentensi, maana yake watu hao wanacho chama. "Wana kikundi wanaombwa kufika" ni maneno ya mtu aliyeanza kusema jambo moja akamalizia jingine.

Kwenye vifupisho na majina ya herufi kubwa weka kistari: mwana-TANU, wana-CCM. Ukiacha nafasi, "wana CCM" inasomeka kama kwamba CCM ni mali yao, jambo ambalo huenda wengine wakalifurahia lakini sicho ulichokusudia. Majina yanayotamkika kama neno la kawaida huungana bila shida: Wanasimba, Wanayanga, Wanamsimbazi, Wanajangwani.

Wingi hubadilika mbele tu. Mwanachama, wanachama, hata kama vyama ni ishirini; usiandike "wanavyama". Mwanamke na mwanamume ndio wakaidi, wao hubadilika huku na huku: wanawake, wanaume. Na kwa kuwa tumo kwenye mambo ya vikundi, kumbuka mwenyekiti naye hubadilika pande zote: wenyeviti.

Hali ya kuwa mwanachama ni uanachama. Si "uwanachama", ingawa nimeiona imechapwa kwenye kadi yenye nembo na picha. Mzizi ni -ana. M- ya umoja ikikutana nao inakuwa mwana, wa- ya wingi inakuwa wana, u- ya hali inakuwa uana. Kwa hiyo uanachama, uanafunzi, uanaharakati.

Na "memba"? Kwenye maongezi sina ugomvi nalo, hata mimi hulisema. Kwenye katiba andika mwanachama, kwa sababu mwanachama anaweza kuzaa uanachama, na memba hazai kitu.

Hatua ya 3: Mtu na mahali pake

Kanuni ya majina ni nyepesi. Weka m- na wa- mbele ya konsonanti: Mtanzania, Watanzania; Mkenya, Wakenya; Mpemba, Wapemba. Mbele ya irabu m- huwa mw-: Mwethiopia, Mwarabu, Mwingereza. Wingi wake huandikwa kwa irabu zote: Waethiopia, Waarabu, Waingereza. Mbele ya i- utakuta wengine wanaandika mu-, Muitaliano badala ya Mwitaliano, Muislamu badala ya Mwislamu. Chagua moja uibebe mpaka mwisho wa andiko. Linaloudhi ni kukuta zote mbili kwenye ukurasa mmoja.

Uwe na tahadhari na majina yenye watu wawili ndani yake. Mganda anaweza kuwa raia yeyote wa Uganda, au mtu wa kabila la Waganda peke yake, na Mwacholi, ambaye ni wa kabila jingine la Uganda, hatafurahi ukimchanganya. Mkongo vivyo hivyo: kuna nchi na kuna watu wanaoitwa Wakongo. Ndiyo maana wengi husema Mkongomani. Kwenye hati yenye uzito, andika "raia wa Uganda" na uondoke zako.

Sasa tofauti ambazo zina gharama:

*Mkazi* anaishi hapo sasa. Haulizwi alizaliwa wapi. Kenya na Zanzibar utaona mara nyingi "mkaazi" na "wakaazi" kwa a mbili. Ni neno lile lile.

*Mwenyeji* lina nyuso mbili. "Mwenyeji wa Lushoto" ni mtu ambaye kwao ni Lushoto, hata kama anaishi Mwanza mwaka wa thelathini. "Mwenyeji wangu Lushoto" ni aliyenipokea na kunipa chumba, na huenda yeye mwenyewe alihamia huko mwaka jana.

*Mzaliwa* ni wa kuzaliwa hapo tu, hata kama aliondoka akiwa na wiki mbili. *Mzawa* linabeba zaidi. Linadai asili na haki, na hutumika sana kwenye mabishano ya biashara na ardhi. Usilitie kwenye fomu kama hujajiandaa kueleza nani si mzawa.

*Raia* ni neno la sheria. Sheria ya uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 inatambua uraia wa kuzaliwa, wa kurithi na wa tajnisi, yaani wa mgeni aliyeomba akapewa. Raia huyo huyo akitajwa kwenye habari za vita anageuka kuwa mtu asiye askari: "wanajeshi watatu na raia kumi". Wingi wake ni raia. "Maraia" tuwaachie wanaoipenda. *Mwananchi* naye kisheria anaweza kuwa yule yule, ila ukisema mwananchi unamwona mtu wa kawaida kwenye foleni ya maji. Hakuna anayesema "mwananchi wa kigeni", lakini "raia wa kigeni" lipo kila siku.

Mfano mzuri wa kuunganisha kamba mbili kwa makusudi uko Zanzibar. Kitambulisho cha kule kinaitwa cha Mzanzibari Mkaazi. Angalia walivyopima: Mzanzibari peke yake angewaingiza walioondoka zamani, mkaazi peke yake angemwingiza yeyote aliyepanga chumba Mwanakwerekwe. Maneno mawili yakikaa pamoja yanafunga milango yote miwili.

Na jina la mahali halitulii, linategemea umesimama wapi. Baada ya Mapinduzi ya 1964, na hasa tangu Sultani Qaboos alipotawala mwaka 1970, familia nyingi zenye asili ya Omani zilitoka Afrika Mashariki kwenda huko. Walipokuwa Unguja waliitwa Waarabu, na Wamanga wakati mwingine. Walipofika Maskati wakaitwa Wazanzibari. Mtu yule yule, na huku kwetu bado kuna mzee atakayekuuliza, "Yule Mmanga hajambo?"

Nikiwa bado pwani: ukisoma habari za zamani za Mombasa utakutana na Thelatha Taifa na Tisa Taifa, jumla kumi na mbili. Usidhani kulikuwa na nchi kumi na mbili pale kisiwani. Taifa lilikuwa kundi la watu wenye asili moja, kama Wakilindini, Wachangamwe na Watangana ambao ndio Thelatha Taifa. Leo taifa ni nchi nzima. Ukinukuu maandishi ya kale, eleza tofauti hiyo.

Hatua ya 4: Mwanachama au mjumbe?

Hili ndilo kosa lenye madhara makubwa kwenye katiba za vikundi, kwa hiyo nenda nalo polepole.

Mjumbe ni mtu aliyebeba ujumbe. "Mjumbe hauawi," walisema wahenga, kwa sababu anachosema si chake. Ndiyo maana tuna mjumbe wa kamati, mjumbe wa bodi, mjumbe wa nyumba kumi wa enzi za TANU ambaye wengi humwita balozi. Kenya utawasikia watu wakimwita mbunge wao mjumbe. Baada ya kura za maoni za CCM mwaka 2020, msemo "wajumbe si watu" ulitapakaa nchi nzima, na kila mtu alielewa kwamba hawakusemwa wanachama wote, wamesemwa wale wachache waliopewa kura wakazitumia walivyotaka.

Utata unakuja hivi: kila mwenye haki ya kuketi na kupiga kura kwenye kikao fulani ni mjumbe wa kikao hicho. Kikundi cha watu arobaini kikiitisha mkutano mkuu, wanachama wote arobaini ni wajumbe wa mkutano mkuu. Kamati yao ya watu saba ina wajumbe saba. Kwa hiyo "akidi ni theluthi mbili ya wajumbe" ni sentensi isiyosema kitu mpaka useme ni wajumbe wa kikao kipi. Na mgeni aliyekuja kusikiliza ni mwalikwa. Anaweza kupewa nafasi ya kuongea, kura hana.

Kisha kuna *mwanachama hai*, neno ambalo wageni wa mambo haya hulichekea. Hai hapa maana yake ada imelipwa. Asiye hai anapumua vizuri tu. Katiba yako iseme miezi mingapi bila kulipa humtoa mtu kwenye uhai huo.

Jirani na mwanachama kuna ukoo mzima wa maneno yanayofanana, na herufi moja inaweza kukuaibisha. *Mshiriki* ni aliyeshiriki jambo: semina, mashindano, maziko. *Mshirika* ni mwenye kuungana na mwingine kwa biashara au siasa: Marekani na washirika wake. *Msharika* ni Mkristo wa usharika, hasa kwenye Kanisa la Kilutheri. Na *mshirikina* ni mtu wa kuamini ushirikina. Niliwahi kushika mwaliko uliochapwa nakala mia moja, umeandikwa "washirikina wote mnakaribishwa ibadani". Mchapaji alitengeneza upya bila malipo.

Kwa kuwa tumegusa dini, jua kwamba kila nyumba ina neno lake, na ukikosea utajulikana mgeni kabla hujaketi. Walutheri ni washarika. Wakatoliki huandika waamini, na chini ya parokia kuna jumuiya ndogo ndogo zenye wanajumuiya. Wasabato husema washiriki wa kanisa. Waumini linafaa Waislamu na Wakristo pia, ndiyo maana magazeti hulipenda. Msikitini anayeswali nyuma ya imamu ni maamuma. Nje ya msikiti neno hilo hilo limeshakuwa tusi la mtu asiyejua kitu, kwa hiyo angalia unaongea na nani. Na wale wa makanisa ya kiroho huitana wapendwa. Akikuuliza mtu, "Na yule ni mpendwa?" hakuulizi nani anampenda. Walio nje huwaita walokole. Ukitaka kujua msemaji amesimama ndani au nje ya ukuta, sikiliza amechagua lipi.

Hatua ya 5: Upatanisho

Hapa nitapita haraka. Ndugu, jamaa na rafiki huchukua kimilikishi cha ngeli ya N lakini kitenzi cha watu: "ndugu zangu wamefika", "jamaa zake wawili walikuja". Usiseme "ndugu wangu wamefika". Mwanachama na mwenyeji hawana mambo hayo: mwanachama wangu, wenyeji wetu.

Jamaa ana mtego mwingine. Jamaa ni ndugu au, mtaani, mtu yeyote tu. Mjamaa ni mfuasi wa siasa ya Ujamaa. Jamaa, jamii, jumuiya na Ijumaa zote zimetoka kwenye mzizi mmoja wa Kiarabu wa kukusanyika, lakini haziwezi kupokezana kazi.

"Nchi wanachama" inawasumbua wengi. Nchi ndilo jina kuu, kwa hiyo kitenzi kifuate nchi: "nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki zimekubaliana". Ziko nane tangu Somalia ilipokamilisha kujiunga mwaka 2024.

Na "akina" hutangulia umoja, si wingi: akina mama, akina baba, kina Juma. "Akina wamama" ni kuvaa kofia mbili.

Hatua ya 6: Vitenzi vya mlangoni

Mtu hujiunga *na* kikundi. "Kujiunga kikundi" bila *na* ni pungufu. Kwenye vyama na klabu hukata kadi. Kwenye kikoba hununua hisa. Kenya wao "chama" chenyewe mara nyingi ni hicho kikundi cha kuweka na kukopeshana, ilhali Tanzania ukisema chama bila kufafanua, msikilizaji atafikiria siasa. Huku tutasema kikoba, upatu au mchezo.

Kutoka kuna ngazi, na katiba izitenganishe. Kujitoa ni kwa hiari, na huwa kwa barua. Kusimamishwa ni kwa muda. Kuvuliwa uanachama ni adhabu. Kufukuzwa ni kitu kile kile kikisemwa kwa hasira. Kukoma kwa uanachama ni neno pana linalobeba yote, pamoja na kifo. Lifanye kuwa kichwa cha kifungu, kisha uzitaje njia chini yake.

Hatua ya 7: Mwenzetu, na siri iliyomo

Kwangu hakuna neno la kundi lenye utamu na hila kama hili. Mwenzangu ni aliye hali moja nami: tunasoma pamoja, tunauza samaki pamoja, tumefiwa pamoja. "Mwenzetu ametutoka" ndiyo sentensi ya kwanza ya tangazo la msiba kazini, na hakuna neno jingine lingefaa pale.

Lakini sikiliza watu wanavyolitumia kujitaja wenyewe. "Mwenzio sijala tangu asubuhi." Ni nani hajala? Ni mimi ninayesema. "Mwenzenu nimechoka." Msemaji anajitoa kwenye "mimi" na kujiweka mikononi mwa wasikilizaji, kana kwamba anawaambia wamkumbuke ni wao. Nimesikia deni likisamehewa kwa neno hilo moja.

Kisha geuza upande. "Wenzetu wa Ulaya wana treni zinazofika kwa wakati." "Wenzetu hawana shida hizi." Hapo wenzetu, ijapokuwa lina "-etu" ndani yake, linamtaja yule ambaye siye sisi, mara nyingi aliyetuzidi. Na likisemwa kwa sauti ya kuvuta, "wenzetu bwana", lina kijembe. Kwa hiyo ukiandika "wenzetu" kwenye ripoti, msomaji atauliza: wamo au hawamo? Taja jina la kundi kwanza, ndipo wenzetu lifuate.

Mwenza ni tawi la mti huo huo. Mwenyekiti mwenza, mgombea mwenza, hayana matata. Ila fomu za siku hizi zimelifanya mwenza kuwa mume au mke, na wazee wetu wanajua kwamba wenza ni wake wa mume mmoja. Bibi mmoja nilimsomea "jina la mwenza wako" akaniuliza nani kanieleza kwamba mumewe kaoa. Andika "mume au mke". Na kama kikundi kina wanaume wenye wake zaidi ya mmoja, andika "wake" na useme ni wangapi.

Ndugu nalo lina upande wake wa kisiasa. Ahadi ya kwanza ya mwana-TANU ilisema binadamu wote ni ndugu zangu na Afrika ni moja, na tangu hapo "Ndugu" likawa cheo cha usawa mbele ya jina la mtu, waziri kwa mkulima. CCM bado wanaitana hivyo. Ukiandika "Ndugu mwanachama" kwenye barua ya kikoba utaeleweka na hutamkera mtu. Ukiandika "ndugu" kwenye kifungu cha fedha, rudi mwanzo wa mwongozo huu.

Mtaani yapo mengine. "Mwanangu" kwa vijana wa Dar ni rafiki wa rika moja, na "wana" ndio genge lenyewe: "wana wamekubali". Yana uhai wake, hayahitaji katibu.

Hatua ya 8: Pitia andiko lako

Hili ni tangazo nililoletewa, nimeondoa jina la kikundi tu:

"Wana kikundi wote mnatangaziwa mkutano mkuu Jumapili saa nane. Wajumbe wasiolipa hawatapiga kura. Uwanachama wa waliochelewa utafutwa. Mje na ndugu zenu. Wenzetu wa tawi la pili nao watakuwepo."

Wana kikundi limegawanyika. Wajumbe wasiolipa: ni wanachama wasio hai, au wajumbe wa kamati? Uwanachama umeshasemwa. Utafutwa lini, na kwa kifungu gani? Ndugu zenu waje kama nani? Na wenzetu wa tawi la pili wanakuja kupiga kura au kutazama? Baada ya kuwauliza maswali hayo, likawa hivi:

"Wanakikundi wote mnatangaziwa mkutano mkuu Jumapili saa nane mchana. Watakaopiga kura ni wanachama hai, yaani waliolipa ada hadi mwezi uliopita. Wasio hai wanakaribishwa kama waalikwa. Kila mwanachama anaweza kuja na mtu mmoja wa familia, ambaye atakuwa mwalikwa. Wanachama wa tawi la pili ni wajumbe kamili wa mkutano huu."

Refu kidogo, ila mkutano uliisha saa kumi.

Kifungu chetu cha nne nacho tulikiandika upya. Tuliondoa ndugu, tukataka kuweka mtegemezi, tukagundua nusu ya watu hawatofautishi mtegemezi, yaani anayelishwa, na mtegemewa anayelisha. Tukaishia kuorodhesha: mwanachama hai, mume au wake zake, watoto wake, wazazi wake, wazazi wa mume au wa wake zake, na watu wengine wasiozidi wawili atakaowaandika mwenyewe kwenye fomu bila kuulizwa sababu. Yule mwenzetu aliyefiwa alikuwa wa kwanza kurudisha fomu. Kwenye zile nafasi mbili aliandika mama yake mdogo, na chini yake jirani wa mlango wa pili, ambaye hawana hata tone la damu kati yao.